Kichwa cha Idarusi Mkwezi

Mwaka ule mkonge ulipopanda bei hata makuli wakavaa saa, benchi letu la Mabawa lilikuwa la watu watatu na dele moja la kahawa: Msafiri, tuliyemwita Redio kwa kuwa hakuna wa kumzima, Zebedayo Mnyapara, msimamizi wa shamba la mkonge, na mimi, niliyekuja kunywa tu. Asubuhi hiyo akatokea Idarusi, mkwezi wa minazi, anapepesuka kama mlevi, naye tembo hajaonja maishani. Juzi nazi ilimwangukia kisogoni.

— Daktari kasemaje? Redio akauliza.

— Kasema kisogoni, kwa chini, kuna ubongo mdogo, ndio unaomshika mtu asiyumbe. Wangu umetikisika. Kanikataza kupanda. Lakini wazee wangu, nazi za harusi ya jirani yetu Mwanasiti ziko juu, na nimeahidi leo. Nikishindwa, nani ataniita tena?

Zebedayo akakohoa.

— Ubongo ni shamba la mkonge. Kwenye paji la uso anakaa meneja, anafikiri na kuamua. Ubavuni, usawa wa sikio, yuko karani, anasikia na kukumbuka. Utosini, wanyapara wa mikono na miguu.

— Na macho? Idarusi akauliza.

— Macho yapo mbele, lakini anayeona yuko nyuma kabisa, kisogoni kwa juu.

— Ndiyo maana mama mkwe ananiona hata akinipa mgongo! Redio akadakia. Lakini hujui kubwa. Ubongo wa kulia ndio unaoendesha mkono wa kushoto, na wa kushoto, wa kulia.

— Muongo! Zebedayo akamkatiza.

— Wallahi! Kwa hiyo, Idarusi, wewe umeumia nyuma, panda mnazi kwa mbele.

— Mnazi una mbele?

— Panapoelekea kibla.

Zebedayo hakukubali kushindwa.

— Abebe kwanza gunia la chumvi kichwani, ubongo ukae sawa.

— Basi napanda, Idarusi akasema. Akasimama, akayumba, akadaka nguzo.

Hapo akafika mkewe, Mwanamkasi, kamba ya kukwelea begani.

— Sabalkheri, wazee. Nimewasikia tangu kona ile, ubongo mmeumaliza wote. Nauliza tu: kati yenu, nani anampandia leo?

Redio akanyamaza, mara ya kwanza tangu nimjue. Zebedayo akatazama viatu vyake. Mimi nikajitia kupuliza kahawa iliyokwisha poa. Mwanamkasi alituelekezea kamba, hakuna aliyeipokea.

Idarusi akatutazama mmoja mmoja, akaangua kicheko, akaketi.

— Mke wangu, rudisha kamba, ukamwambie Mwanasiti atafute mkwezi mwingine. Hawa vichwa vyao vizima na hawapandi. Mimi na changu hiki nikafanye nini huko juu?