Siku Pikipiki ya Dada Tabibu Ilipokataa Kuwaka

Wasikilizaji wapendwa, kama chai yenu iko motoni, iacheni ichemke taratibu. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlizoea kusikia mlio wa pikipiki yake kabla hamjamwona sura.

Tunamkumbuka tabibu Nansalmaa wa bonde la Shar Us. Ametutoka wiki iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake, akiwa amelala. Kwetu jina la aliyetutoka halitajwi ovyo. Mumewe, Mzee Gombo, ameniruhusu nilitaje mara mbili tu, mwanzoni na mwishoni. Katikati nitamwita kama mlivyomwita ninyi: Dada Tabibu.

Alizaliwa katika familia ya wafuga ngamia. Akaenda mjini kusomea utabibu, kisha akarudi. Narudia, wasikilizaji: akarudi. Wenzake wengi walibaki penye lami na taa. Yeye alipewa bonde letu, ambako kutoka hema hadi hema ni safari.

Wakati wa baridi alibeba chupa za dawa kwapani, ndani ya joho, zisigande. Mgonjwa akiogopa sindano, alimwambia, "Tulia wewe. Dawa hii imelala kifuani kwangu tangu jana. Mume wangu mwenyewe anaionea wivu."

Mwanzoni alipanda farasi. Baadaye kituo cha afya kikampa pikipiki. Ilikuwa pikipiki ya porini, yenye miguu mirefu na matairi ya meno.

"Siku ya kwanza aliitumbukiza mtoni," anasema Mzee Gombo, na macho yanacheka. "Akatoka amelowa maji mpaka kwenye buti. Akaniambia, 'Gombo, haijui kuogelea. Itabidi niifundishe.' Tangu siku hiyo hakumtaka tena farasi."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, niwapeleke kwenye siku moja. Ni miaka mingi iliyopita, kabla ya simu za mkononi kufika kwetu. Yalikuwa majira ya kuchipua.

Pikipiki ilikuwa imechoka. Ilitoa moshi mwingi, na mlimani haikuwa na nguvu. Mzee Gombo aliwahi kuwa dereva wa lori, na injini hazikumtisha. Akaiingiza hemani, akatandika ngozi ya ng'ombe, akaifungua injini yote. Akaweka pistoni mpya, ringi mpya na gasketi mpya. Akaifunga. Jioni ile ikaja dhoruba ya vumbi, kwa hiyo hakuijaribu. Kumbukeni hilo: injini ilifungwa upya, na haikujaribiwa.

Asubuhi upepo ulitulia. Ndipo akaja kijana mmoja, Choijil, juu ya farasi aliyekuwa akitetemeka magoti. Hakungoja hata kukaribishwa.

"Dada Tabibu, ni Horloo. Uchungu umeanza alfajiri. Na mama yangu anasema mtoto amekaa vibaya."

Horloo alikuwa mkewe. Mwaka uliotangulia walimpoteza mtoto wao wa kwanza, kwa sababu msaada ulichelewa kufika. Kila mtu mle hemani alilijua hilo.

Farasi wa Choijil asingeweza kurudi. Wa Mzee Gombo walikuwa mbali malishoni, na mnajua farasi wetu wanavyokuwa msimu ule, mbavu zinahesabika. Ilibaki pikipiki. Pikipiki peke yake.

Mzee Gombo akaisukuma nje, akafungua mafuta, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena, na tena. Kimya.

"Kaka Gombo," Choijil akasema, akijaribu kucheka na midomo imekauka, "una hakika hukubakiza nati mfukoni?"

"Mfuko wako ndio uuangalie! Kila nati iko mahali pake. Sukuma!"

Wakaisukuma kwenye mteremko. Ikashuka kama jiwe, bila hata kukohoa. Wakairudisha juu, wanahema wote wawili.

Wakatafuta chanzo. Mafuta? Yanashuka. Cheche? Mzee Gombo akaitoa plagi, akaigusisha kwenye chuma, Choijil akapiga kiki. Cheche ikaruka, ya buluu, safi. Ila plagi yenyewe ilikuwa imelowa petroli. Akaifuta, akaipasha moto jikoni, akairudisha. Kimya. Akaifungua kabureta na kuipuliza. Kimya.

Mlangoni alikaa mama yake Mzee Gombo, Bibi Tsevelmaa, na bakuli la chai. Alikuwa akitazama yote hayo.

"Ng'ombe wangu mgumba ana faida kuliko hiyo," akasema. "Yeye angalau anatoa samadi."

"Mama, tafadhali," akasema mwanawe.

Ikafika mahali Mzee Gombo akakaa chini mavumbini, spana mkononi. Alikuwa ameanza kujishuku. "Pengine nimeweka ringi vibaya," akasema kwa sauti ndogo. "Lazima niifungue tena."

Kuifungua tena ilikuwa kazi ya siku nzima. Choijil akageuka, akaelekea kwa farasi wake. Akaanza kukaza tandiko juu ya mnyama aliyeshindwa hata kuinua shingo.

Mpaka hapo Dada Tabibu alikuwa akifunga mkoba wake. Sasa akaja, akamshika mumewe mkono wenye spana.

"Subiri, baba. Mimi simpasui mgonjwa kabla sijamkagua. Anakula?"

"Nani?"

"Mgonjwa wako huyu. Anakula?"

Mzee Gombo akamtazama kama mtu aliyerukwa na akili. "Anakula. Petroli inafika."

"Moyo unapiga?"

"Cheche ipo."

"Anapumua?"

Dada Tabibu akapiga magoti nyuma ya pikipiki. Akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba la moshi, kama tunavyokiweka mbele ya pua ya mtoto mchanga. "Piga kiki," akasema.

Choijil akapiga.

"Tena. Taratibu."

Akapiga tena.

"Hakuna pumzi," akasema Dada Tabibu. "Hata kidogo. Gombo, huyu amekabwa."

Wakachungulia bombani. Giza. Mzee Gombo akaingiza waya, nao ukagonga kitu laini. Akaukunja ncha, akavuta. Ikatoka sufu. Sufu ya kondoo tunayofunikia hema, ya kijivu, imekunjwa na kushindiliwa kama kizibo cha chupa. Ilifuatiwa na kipande kingine.

Wote wakageuka kumtazama Bibi Tsevelmaa.

"Ndiyo, ni mimi," akasema, bila kuweka bakuli chini. "Jana upepo ulikuwa unaleta mchanga. Nikaziba tundu la dari, nikaziba mlango, nikaziba mdomo wa birika. Na hilo tundu nalo nikaliziba, nikashindilia kwa mti wa kukorogea maziwa. Nilimsaidia mwanangu asiingiliwe na vumbi kwenye vyuma vyake vipya."

"Mama! Asubuhi yote tunahangaika, mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mmeuliza mafuta, mmeuliza cheche. Mimi hamkuniuliza." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu mwenye hofu. "Kumbe na yenyewe inapumua?"

"Inapumua, Mama," Dada Tabibu akamwambia. "Nasi tulikuwa hatujui ulivyotuhifadhi."

Mzee Gombo akafunga mafuta, akapiga kiki kadhaa ili petroli iliyojaa ndani itoke. Akaikausha plagi. Akafungua tena. Akapiga. Ikakohoa. Akapiga tena, na ikawaka! Moshi mweupe ukafunika mlango, Bibi Tsevelmaa na chai yake. Choijil akamkumbatia Mzee Gombo, akamkumbatia bibi, na Mzee Gombo anaapa kwamba alimkumbatia na yule farasi.

Kabla ya kupanda, Dada Tabibu aliweka tena kiganja nyuma ya bomba. Akatikisa kichwa kukubali. Choijil akakaa nyuma, mkoba wa dawa mapajani, wakaondoka.

Bi Horloo yuko hai. Nimeongea naye. Ananiambia, "Niliusikia ule mlio ungali mbali sana, na hapo hapo nikaanza kulia. Si kwa maumivu. Nilijua sasa nina mtu."

Mtoto alitanguliza miguu. Alipotoka alikuwa wa buluu, na hakulia. Dada Tabibu alimsafisha mdomo kwa kidole na kitambaa, akamgeuza, akampulizia pumzi. Kisha akaweka kiganja mbele ya pua yake, akangoja.

"Sitausahau mgongo wake," anasema Bi Horloo. "Ulikuwa umekakamaa. Halafu ukalegea. Nikajua kabla mtoto hajalia. Akanigeukia, jasho linamtiririka, akasema, 'Leo nimezibua mara mbili. Mwenye sufu nyingine aniambie mapema.'"

Mtoto yule ni Bilguun. Leo ni baba wa watoto wawili.

Wasikilizaji wapendwa, Dada Tabibu aliipanda pikipiki ile mpaka alipostaafu. Na kila alipotaka kuondoka aliweka kwanza kiganja nyuma ya bomba. Wengi tulidhani anapasha mkono moto.

Miaka yake ya mwisho aliugua mapafu. Yeye aliyetusikiliza vifua vyetu alianza kuhesabiwa pumzi na wengine. Familia iliogopa mwisho mgumu. Mzee Gombo haoni aibu kusema hivyo. "Niliogopa atakabwa," anasema. "Niliogopa hilo kuliko kifo chenyewe."

Asubuhi ile alikaa pembeni yake, akaweka kiganja mbele ya midomo yake. Pumzi ilikuwa ndogo, lakini laini. Dada Tabibu akafungua jicho moja.

"Inatoka?" akauliza.

"Inatoka."

"Basi usifungue injini."

Akalala. Pumzi ikaendelea kupungua, kama pikipiki inayoteremka bondeni huku mafuta yamefungwa, mpaka ikatulia. "Haikukwama," Mzee Gombo ananiambia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo. "Waambie watu hivyo. Haikukwama."

Nimewaambia.

Kwako Mzee Gombo, kwa watoto, kwa ukoo wote wa Shar Us: redio hii inalia pamoja nanyi, na inashukuru pamoja nanyi. Na sisi tuliobaki, tuna mengi majumbani mwetu yanayokataa kuwaka. Tumeshayakagua juu na chini, na spana tunazo mkononi. Kabla hatujaanza kupasua, tumwangalie yule aliyekaa mlangoni na bakuli la chai. Tumwulize na yeye. Mimi naamini, kwa moyo wangu wote, kwamba mara nyingi anajua.

Jana Bilguun alikwenda kwa Mzee Gombo. Pikipiki ilikuwa imefunikwa turubai tangu mwaka juzi. Akapiga kiki, na ikawaka mara ya kwanza. Mzee Gombo akajikokota hadi nyuma yake, akainama, akaweka kiganja. Akakiacha pale muda mrefu.

Safari njema, Nansalmaa.