Maoni Baada ya Chakula: Maisha ya Mzee Venansio Ojara, 1928–1979

Kila jioni, vyombo vikishaondolewa, Mzee Venansio Ojara alipitisha kiganja mezani mara moja, kama mwalimu anayefuta ubao, kisha akamwambia aliyeketi karibu naye: "Haya, maoni." Hakuna jioni aliyosahau. Masharti yalikuwa machache. Mtu hakusengenya mtu. Alisema juu ya jambo: nyota, dawa, mashine, bei ya chumvi, sheria mpya. Hakuna aliyechekwa kabla hajamaliza. Na asiye na neno alisema, "Leo sina," zamu ikampita, wala hakutazamwa vibaya. Kwa sharti hilo la mwisho, kitinda mimba wake, Joska, aliketi kwenye meza hiyo miaka mingi kwa raha bila kusema kitu. Mkewe, Mama Kaltumi, alikuwa na maoni yale yale kila jioni tangu mwaka 1971: "Maoni yangu, dirisha lifungwe."

Mzee Ojara alizaliwa tarehe 14 Machi 1928 huko Pajule, kaskazini mwa Uganda, mtoto wa tatu wa Konstebo Lakana Ochan na Mama Akwero. Akiwa na miaka saba aliletwa Kampala, kwenye kambi ya polisi ya Nsambya, baba yake alikopangiwa kazi. Hapo watoto wa Kiacholi, wa Kiteso, wa Kilugbara na wa Kinubi walicheza pamoja, na lugha yao ilikuwa Kiswahili cha kambini, kilichokatwa mikono na miguu lakini kinatembea. Alikipenda mpaka mwisho. Kilipotangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, majirani wengi walinuna, wakasema ni lugha ya bunduki. Yeye alisema kwamba lugha haishiki bunduki, mtu ndiye anayeshika, na tena hiyo ndiyo lugha aliyomtongozea mkewe. Ndiyo sababu aliomba wasifu huu usomwe kwa Kiswahili.

Alisoma shule ya msingi Nsambya, kisha shule ya wamisheni Gulu, alikomaliza mwaka 1947. Padri aliyemfundisha hesabu alikuwa na darubini ndogo ya shaba. Jioni moja ya kiangazi alimwonyesha sayari ya Mshtarii na vijinyota vinne pembeni yake, akamwambia hiyo ni miezi yake. Mzee alisimulia kwamba alipoondoa jicho kwenye darubini alikuwa na hasira. Miezi minne ilikuwa juu ya Pajule siku zote, na hakuna mtu aliyemwambia!

Mwaka 1949 aliajiriwa katika idara ya takwimu kutoboa kadi za hesabu. Mwaka 1966 serikali ilimpeleka Uingereza miezi tisa kujifunza kuandika programu za kompyuta. Alirudi na koti zito ambalo hapa halina kazi, akawekwa katika chumba cha kompyuta huko Nakasero, alikofanya kazi hadi alipostaafu. Aliyemwuliza kazi yake alijibiwa hivi: "Naiandikia mashine maagizo. Ni mtumishi mwepesi asiye na aibu. Ukimwagiza upuuzi, ataufanya mara elfu kabla hujameza mate."

Sajini mstaafu Olweny, jirani yake katika mtaa wa Kansanga, aliyemwita Mzee Lapwony, yaani mwalimu, hakuamini kwamba kuandika maagizo ni kazi ya mtu mzima. Basi Mzee akamfunga macho kwa kitambaa, akawaambia watoto wamlete kwa maneno tu kutoka langoni mpaka mezani. Maimunah, binti yake mkubwa, akaagiza: "Tembea mbele. Pinda kulia. Tembea mbele." Olweny alitii. Aliipita meza, akaligonga pipa la maji, akaendelea kukanyaga pale pale, kifua kikiwa kwenye pipa.

"Mbona husimami?" Maimunah akapiga kelele.

"Nani amesema simama? Mimi askari. Mimi nangoja amri."

Watoto walicheka mpaka machozi. Mzee alicheka nao, kisha akasema neno ambalo nyumba ile ililirudia mara nyingi baadaye: "Amri isiyosema ikome wapi ni amri mbovu, hata kama aliyeitoa ni mtu mwema." Siku hiyo alikuwa akisema habari za kompyuta. Baada ya Januari 1971, jeshi liliposhika serikali, watu wa meza ile walianza kulisikia kama habari za nchi, naye hakuwakataza.

Tarehe 22 Agosti 1953 alimwoa Kaltumi, binti wa Sajini Marjan, Mnubi wa Bombo. Yeye alikuwa Mkatoliki, bibi arusi Mwislamu, na pande zote mbili zilikuwa na la kusema. Sajini Marjan alimwuliza swali moja tu: "Watoto watasali wapi?"

"Watasali, Baba. Mlango watauona wenyewe."

Sajini aliwageukia watu wa nyumbani, akasema, "Mpeni kahawa." Ndoa ikawa hiyo. Mwaka 1975, chombo cha Wamarekani na cha Warusi vilipounganishwa angani, Mzee alifurahi kama mtu aliyealikwa. Alieleza mezani kwamba mafundi wa pande mbili hawakukubaliana nani awe mlango na nani awe ufunguo, kwa hiyo walitengeneza kiungo ambacho kila upande unaweza kuwa chochote. "Hakuna mwenyeji, hakuna mgeni," alisema akimtazama mkewe. "Sisi tulifanya hivyo mwaka hamsini na tatu, na roketi hatukuwa nayo."

"Maoni yangu," Mama Kaltumi akajibu, "dirisha lifungwe." Lakini alikuwa anacheka.

Juu ya safari za anga alikuwa na msimamo ambao uliwachosha wengine. Watu walipofika mwezini mwaka 1969, wazee wa Kansanga walisema ni uongo wa redio, na vijana walisema ni kupoteza fedha. Mzee alisema si uongo. Fedha ni nyingi, ndiyo, lakini nchi maskini isikatazwe kutazama juu, kwa kuwa mwezi unapita Pajule pia na hauulizi mtu mshahara wake. Wengine waliwasifu waliokwenda. Yeye alimsifu mtu asiyejulikana aliyeandika hesabu za kuwarudisha. "Kwenda ni ujasiri," alisema. "Kurudi ni hesabu."

Juu ya sera za serikali alisema waziwazi, dirisha likiwa limefungwa. Maduka ya Wahindi waliofukuzwa nchini yalipogawiwa watu ambao hawakuwahi kupima kilo ya sukari, alisema kumpa mtu duka si kumpa biashara. Alisema pia kwamba waziri na mwandishi wa programu wana kosa moja: wote wawili hawakai kuona agizo lao likitekelezwa. Wageni waliokula pale walimsihi apunguze. Alijibu kwamba nyumba ambayo watu hawasemi wanachofikiri ni kambi tu yenye mapazia.

Liko jambo moja ambalo familia imeomba lisemwe leo, maana sasa linaweza kusemwa.

Alasiri moja ya Oktoba 1973, afisa mmoja wa jeshi alifika Nakasero kuiona kompyuta. Alikuja na gari, na vijana wawili waliobaki ndani yake. Kampala nzima ilijua gari la namna hiyo. Aliyealikwa kupanda hakurudi, na wake wengine waliletewa viatu tu. Waacholi waliokuwa katika ofisi ile walikuwa wamepungua mmoja mmoja, na Mzee alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki. Wenzake waliokuwapo ndio waliosimulia yaliyosemwa.

"Hii mashine inajua kila kitu?" afisa aliuliza.

"Inajua tulichoiambia, afande."

"Basi uliza yeye, nani hapa hapendi serikali."

"Haijui kupenda, afande. Inajua kujumlisha."

Wenzake wakatazama sakafu. Afisa akacheka, akamshika bega. "Mzee, nasikia wewe iko na maoni mingi. Twende kwa gari, wewe nipe mimi hayo maoni."

Mzee alifunga kalamu yake, akaiweka mfukoni. "Afande," alisema, "maoni yangu huwa nayatoa baada ya chakula, mezani kwangu. Mke wangu leo amepika bamia. Twende Kansanga."

Jioni gari likasimama mlangoni. Mama Kaltumi alimwona mumewe akishuka, akamwona afisa, akawaona vijana wawili, akarudi jikoni kuongeza maji kwenye mchuzi. Alichoma gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, mpaka unga ukaisha. Mgeni alikula vizuri. Vyombo vikaondolewa, na Mzee akapitisha kiganja mezani kama jioni nyingine yoyote. "Haya, maoni."

Maimunah alianza. Alisema mahindi hayawezi kuota mwezini kwa sababu hakuna mvua.

"Na mbolea?" Mzee akauliza.

"Mbolea mtu angebeba, Baba. Mvua habebi."

Zamu ikaja kwa Joska. "Leo sina."

"Huyu kwa nini hana?" afisa akauliza.

"Sheria ya meza, afande. Asiye na neno anapitwa."

Kila mmoja alijua Mama Kaltumi atasema nini. Aliinuka. "Maoni yangu," alisema, "dirisha lifunguliwe. Kuna joto." Akalifungua lote. Ng'ambo ya ua, Olweny alikuwa amekwisha kuketi barazani kwake, taa imewashwa, mkewe ubavuni na majirani wengine wamesimama nyuma yao. Wote walikuwa wanatazama ndani. Mtu akichukuliwa, atachukuliwa mbele ya macho hayo.

Afisa alizungusha kofia yake mikononi. "Mimi," alisema, "tangu navaa hii nguo, hapana mtu ameuliza mimi maoni." Ikabaki zamu ya Mzee, ambaye siku zote alikuwa wa mwisho. Angeweza kuzungumzia nyota. Angeweza kusema hana, kwani sheria ilimruhusu.

"Maoni yangu ni yale yale ninayowaambia watoto," alisema. "Amri isiyosema ikome wapi ni amri mbovu, afande. Hata kama aliyeitoa ni mtu mwema."

Kilichosikika ni injini ya gari nje, ilikuwa haijazimwa. Afisa alisimama, akavaa kofia. "Asante kwa chakula, Mama." Kisha akamwinamia Mzee. "Kesho kwa kazi, maoni hapana. Yaache hapa hapa." Akatoka, na gari likaondoka bila Mzee Ojara.

Familia haikumwona tena afisa huyo na haijui jina lake. Inamshukuru.

Tangu mwaka 1977 Mzee alisumbuliwa na shinikizo la damu, kisha figo. Dawa zilikuwa hazipatikani. Muuguzi Filda, aliyepo hapa, alikuja kila wiki kwa miguu na alichoweza kupata, na mara nyingine alikuja na mikono mitupu na bado akaketi mezani. Familia inamshukuru. Inawashukuru pia majirani wa Kansanga kwa mwezi wa Aprili mwaka huu. Serikali ilipoanguka na Wanubi, waliohesabiwa kuwa watu wake, wakasakwa nyumba kwa nyumba, kundi la vijana lilikuja kumtafuta Mama Kaltumi. Sajini Olweny alitoka na sare yake ya zamani, akasimama langoni, na safari hii yeye ndiye aliyesema: "Simama." Wakasimama. Tangu siku hiyo dirisha halijafungwa.

Mwezi huu redio zilitangaza kwamba maabara ya anga ya Wamarekani inaanguka, na hakuna ajuaye itaangukia wapi. Olweny alikuja kitandani kwa Mzee kuuliza kama alale chini ya meza. "Lala kitandani kwako, Sajini," Mzee alimwambia. "Ila hata wao, unaona? Waliandika vizuri namna ya kupanda. Kushuka wakakuachia wewe na meza." Iliangukia mbali, huko Australia, naye akafurahi kwamba haikuua mtu.

Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 22 Julai 1979 alfajiri. Misa imesomwa Lubaga, na mashehe kutoka Bombo wameomba dua hapa uani. Milango yote miwili imetumika. Anazikwa Kansanga kwa kuwa safari ya Pajule kwa sasa ni ngumu. Ameacha mjane, Mama Kaltumi, watoto watatu, Maimunah, Asuman Ochan aliyefika jana kutoka Nairobi, na Joska, wajukuu wanne, dada yake Aloyo, na wote waliowahi kuulizwa maoni yao na mtu aliyetaka kweli kuyasikia. Alale pasipo hofu, dirisha likiwa wazi.

Jumatano iliyopita chakula kililetwa kando ya kitanda chake. Baadaye alipitisha kiganja juu ya shuka, taratibu, akasema neno lake. Zamu ilipomfikia Joska, alisema maoni hana, ila ana swali. Siku ile ya afisa, kwa nini Baba alimleta nyumbani, walikokuwa mkewe na watoto?

Mzee Ojara alimgeukia.

"Nilidhani ndiyo siku yangu ya mwisho, mwanangu," alisema. "Nikataka kula nyumbani."