Felista Mokami Waitara, Mama wa Mbio za Pikipiki Nyamwaga

Felista Mokami Waitara alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Kenyamonta, wilaya ya Serengeti, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Waitara na Mama Veronika. Waliomlea wanasema alikuwa mbishi tangu ananyonya, na sisi ndugu zake hatuna ushahidi wa kupinga.

Alisoma shule ya msingi kijijini hapo na kumaliza darasa la saba mwaka 1986. Hakuendelea, kwa kuwa ada ilikwenda kwa kaka zake. Hakunung'unika, ila alihakikisha binti zake wote wanasoma.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Godwin Simioni, fundi pikipiki wa Nyamwaga. Marehemu aliwapikia chai waendeshaji waliofika gereji, akawajua wote kwa majina. Mwaka 2009 vijana hao walianzisha mbio za kila Agosti, kutoka Nyamwaga hadi Kerende na kurudi. Watazamaji walirudi nyumbani wakiwa wameona vumbi tu, naye akaona aibu kana kwamba ni wageni wake waliolala njaa. Mwaka uliofuata alizunguka minadani na kipaza sauti akizitangaza mbio, akaleta gari la maji kulaza vumbi, akachimbisha vyoo, akawabandika waendeshaji namba kubwa mgongoni. Watu wakaanza kuja hadi kutoka Sirari.

Likabaki jambo moja. Kwetu wazee hukaa mbele, na mbele ya mbio ni ukingo wa kona. Mwaka 2012 pikipiki iliteleza pale ikamvunja mzee mmoja miguu. Tarehe 17 Agosti 2013 wazee walikuwa wameketi palepale tena, na katikati yao Mzee Simioni, baba mkwe wa marehemu. Kwa desturi yetu mkwe hata kumkaribia baba mkwe hathubutu, sembuse kumwondoa kwenye kigoda.

"Wazee wangu, shikamooni," alisema kwenye kipaza sauti, uso ameugeuzia pembeni. "Viti vyenu nimeviweka kule mlimani. Naomba mhame."

Hakuna aliyenyanyuka. "Huyu mama anafukuza wazee!" mtu akapiga kelele.

Marehemu akaamuru pikipiki zote zizimwe, akaketi chini katikati ya barabara, mgongo kwa wazee. Godwin alitamani ardhi ipasuke immeze. Saa nzima ikapita, umati ukizomea, naye hakutikisika. Mwishowe Mzee Simioni akasimama na kubeba kigoda chake mwenyewe.

"Mke wa mwanangu hajawahi kunipa chakula kibaya," alisema. "Na hili nitalila."

Wote wakamfuata. Kule juu barabara ilionekana yote, na mzee akashika kichwa: "Kumbe wanatokea kule kote!" Tangu siku hiyo hakuna mtazamaji aliyeumia. Sisi tuliokuwepo bado tunastaajabu, maana hakuwa na cheo wala askari, na maelfu ya watu walimtii.

Mwaka 2021 marehemu aligundulika kuwa na kisukari. Alitibiwa Tarime na Mwanza, lakini kufikia mwaka 2024 macho yalikuwa yamezima. Tarehe 16 Agosti 2025 tulimpeleka mlimani asikie tu milio. Mzee Simioni, mwenye miaka tisini na mmoja, akaagiza kiti chake kiwekwe ubavuni mwake, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Akamsimulia mbio nzima, kona kwa kona, mpaka mwendeshaji wa mwisho alipofika.

"Asante, tata," marehemu alimwambia, yaani baba kwa lugha yetu. "Leo nimetazama vizuri."

Alifariki nyumbani Nyamwaga, asubuhi ya tarehe 3 Oktoba 2025.

Ameacha mume, Godwin, watoto wanne, Irine, Elieth, Felix na Nice, wajukuu saba, na Mzee Simioni. Tulimwandika hapa kuwa baba mkwe. Aliposomewa jana, alituagiza tusahihishe, kwa hiyo tunasoma alivyotaka: ameacha baba.

Mwenyezi Mungu ampumzishe binti huyu kwa amani.