Binti Yangu wa Majina Matatu

Bwana asifiwe sana, wapendwa! Mimi si mhubiri. Ni Mama Minza tu, yule muuza dagaa wa Nkome, na leo nina furaha hata meza ya dagaa nimeifunga mapema.

Ndugu zangu, Minza alizaliwa mnene, mzuri. Alipoanza kukaa, vidole vya mikono na miguu vikavimba. Alilia hata ukimgusa na kanga! Mama mkwe wangu akamtazama, akasema, "Huyu analilia jina."

Wasukuma wenzangu mnajua. Mtoto asiponyamaza, kuna marehemu anataka mtoto aitwe jina lake. Tukambadilisha, akawa Milembe, jina la mama mzazi wa mama mkwe. Uvimbe ukapungua. Tukachinja kuku! Kuku hajaisha mfupani, uvimbe umerudi. Basi tukamwita Nyanzobe, shangazi yangu marehemu, tukamfunga na shanga kwenye mkono uleule unaouma.

Kisha homa ikampanda, macho yakawa ya njano, midomo ikapauka. Baba Minza, anayechimba dhahabu kule Geita, akaitwa nyumbani. Hapo maneno ya upande wa mume yakaanza: damu mbaya imetoka kwetu, mtoto akifa nirudi kwa baba yangu. Niliumia, wapendwa! Nikapiga magoti jikoni nikasema, "Bwana, sijui wewe unamwita nani, lakini mwokoe."

Kulipokucha, mama mkwe mwenyewe akasema twende hospitali. Tukapokewa na daktari akiwa na dada mmoja mwanafunzi wa udaktari.

"Shikamooni. Mtoto anaitwa nani?" yule dada akauliza.

Mimi nikasema Minza, mama mkwe akasema Milembe, baba yake akasema Nyanzobe. Dada akatutazama.

"Mmeleta watoto wangapi?"

Jamani, nilicheka huku nalia!

Wakampima, wakamwongezea damu. Ilikuwa selimundu. Chembe za damu zinajipinda kama mundu wa kuvunia mpunga, zinaziba njia, ndiyo maana vidole vinavimba na kuuma. Yule dada akainama mbele ya mama mkwe kwa adabu. "Bibi, mtoto huupata ugonjwa huu akirithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Kila mmoja wao amebeba nusu tu, ndiyo maana ni wazima na hawakujua."

Wote wawili! Baba Minza akanishika mkono mbele za watu. Mchimbaji wa Kisukuma, mbele za watu! Mzigo niliobeba peke yangu ukashuka siku ile.

Sitawadanganya kwamba ugonjwa umeondoka. Upo. Lakini Minza anakunywa dawa zake na maji mengi, analala ndani ya chandarua, na akichemka tu tunakimbilia hospitali, kuku anabaki bandani. Mwaka huu ameanza shule. Haleluya!

Na Mungu ametupa mtoto mwingine, huyu hapa mgongoni. Mama mkwe alipofika kumwona hakuuliza jina. Aliuliza, "Wameshampima damu?" Wamempima. Amebeba nusu kama sisi, ni mzima.

Wewe mwenye kichanga kinacholia, mtumaini Bwana, na umpeleke akapimwe. Mungu yuko na huko wodini, mimi nimemwona.

Jina la huyu mdogo tulimwachia Minza achague. Akafikiri sana, akatuonya: "Lakini moja tu!"