Uzinduzi wa Sanduku la Barua Pepe la Mkwe Wangu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, uliyewasili kabla chai haijachemka. Mafundi cherehani wa karakana ya binti yangu. Majirani mlioalikwa na mliojialika. Na wewe mkwe wangu, Injinia, mwenye siku yako: hamjambo?

Nimeombwa nizindue sanduku. Lile pale juu ya kabati la vyombo, lenye vitaa vinavyopepesa kama macho ya mtu aliyeulizwa alikolala. Ndani yake, naambiwa, mna diski, na ndani ya diski mna barua pepe zote za nyumba hii na za karakana. Mkwe wangu aliona aibu barua zetu kulala kwenye mashine za watu tusiowajua. Akaniambia, "Baba, mtu mzima ana posta yake." Nikamjibu, "Mwanangu, mimi hata choo nimechangia na wapangaji hadi nikaota mvi." Hakunisikia. Msomi masikio yake yamezibwa na shahada.

Basi tukapata posta yetu. Kupokea inapokea, kutuma inatuma. Kufika ndiko hakuna. Injinia alinieleza kwa upole kwamba namba ya laini yetu ya intaneti iliwahi kutumiwa na matapeli, kwa hiyo makampuni makubwa yakiona barua yetu huitupa kwenye barua taka. Ndugu zangu, nani kati yenu aliwahi kupanga chumba alichohama mwizi? Unafagia, unasali, na bado ukipita watu wanashika mifuko.

Naye mke wangu, kwa mapenzi yake, akaona chombo kigeni kinakaa uchi sebuleni. Nyumba hii redio ina kitambaa, jagi lina kitambaa, hata mimi nikisinzia kitini nafunikwa. Akalifumia sanduku kitambaa cha maua, likazimika kwa joto. Injinia akasaka virusi wiki nzima.

"Mama, nani amegusa huku?"

"Hakuna aliyegusa, baba. Nimelistiri tu."

Tungecheka yakaisha, kama si sare. Mwalimu Mkuu, uliiandikia karakana ukiuliza kama wataweza kushona sare za shule nzima kabla muhula haujafunguliwa. Binti yangu alikujibu kwa posta yetu tukufu. Kimya. Akakujibu tena. Kimya. Akataka kupiga simu, mumewe akamzuia: "Mke wangu, mambo ya kazi yanaandikwa." Na sasa hivi, pale kwenye birika, Mwenyekiti ameninong'oneza kwamba wewe umesema wale wana kiburi, na kesho kazi unampa fundi mwingine. Kumbe umekuja kutazama wenye kiburi wanafananaje! Karibu sana. Na kadi yako ya mwaliko, mwaliko wa kuzindua barua pepe, ilifikaje? Injinia mwenyewe aliipeleka kwa miguu, akamwachia mlinzi getini.

Mafundi wale pale wameacha vyerehani vyao kuja kupiga makofi. Bila sare hizo, watavirudia kufanya nini? Kuvipaka mafuta?

Kwa hiyo kabla sijakata utepe, natuma barua. Inatoka kinywani mwangu na haina nywila. Mwalimu Mkuu, binti yangu anasema ndiyo. Sare zote, kabla ya muhula. Nangoja jibu, hapa hapa, mbele ya mashahidi.

Ameitikia kwa kichwa! Mwenyekiti, umeona? Kwa sauti pia, Mwalimu, wale wa nyuma hawaoni... "Washone." Mmesikia wenyewe! Binti yangu, futa machozi, chukua futi. Mafundi, nyanyukeni, uzinduzi hauwahusu tena.

Injinia, usinune, lete mkasi. Nakata utepe wako kwa heshima zote. Sanduku hili litatutunzia vizuri sana picha za harusi yenu, maana hizo hazina safari.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Na asiyenisikia, mkwe wangu atamwandikia.