Mama Kageha wa Dirishani na Wazazi wa Jumamosi

Mama Phelister Kageha anastaafu tarehe 30 Juni 1984, baada ya kuutumikia ukumbi wetu wa Mbotela kwa miaka ishirini na miwili. Wengi wetu tulimjua kwanza kama mkono unaotoa tiketi dirishani. Baadaye ndipo tuligundua kwamba mkono ule una mwenyewe, tena mcheshi.

Aliajiriwa kufagia. Mkata tiketi alipougua, Mama Kageha akashika nafasi yake kwa wiki moja, na hajaondoka mpaka leo. Foleni ikianza kusukumana, yeye hukohoa tu, na watu hujipanga.

Lakini familia nyingi zitamkumbuka kwa ile nafuu ya kiingilio. Sheria ya ukumbi ilisema mtoto mlemavu alipe nusu, na mzazi wake aingie bure. Taabu ni kwamba Jumamosi, siku ya sinema, wazazi wengi wako kazini au sokoni. Mtoto huletwa na shangazi, binamu au jirani, na hao walikuwa wakirudishwa. Mama Kageha aliamua kwamba mzazi ni yule ambaye mtoto mwenyewe atamwonyesha kwa kidole.

Wajanja hawakukosekana. Kijana mmoja, Laban, alimfunga rafiki yake Nabiswa bendeji mguuni, akambeba mpaka mlangoni. Mama Kageha aliwakaribisha vizuri, kisha akamwagiza Laban asimteremshe mgonjwa hadi filamu iishe. Nabiswa si mwepesi. Wiki iliyofuata walilipa wote wawili bila kuulizwa.

Mwaka 1978 mambo yalikuwa magumu. Ofisi inayosimamia ukumbi ilisikia kwamba "wazazi" wamezidi, ikamtuma Bwana Mbuthia aje ajionee. Akikuta udanganyifu, nafuu yote ingefutwa. Siku hiyo Ndindi, mtoto wa miaka saba asiyeweza kutembea, alifika mgongoni mwa jirani yao, Mzee Mulama, fundi viatu.

"Mtoto ni Ndindi, baba ni Mulama? Tangu lini?" Bwana Mbuthia akauliza alipoambiwa majina hayo ya makabila mawili tofauti.

"Si umwulize mwenyewe, bwana mkubwa," Mama Kageha akajibu.

Ndindi aliwatazama wote, akaikazia macho tai nyekundu ya Bwana Mbuthia, halafu akamwonyesha yeye.

"Hongera, Baba Ndindi!" foleni ikapiga kelele.

Mzee Mulama akamkabidhi mtoto, akajilipia tiketi huku akinung'unika. Bwana Mbuthia alimpakata Ndindi filamu nzima, akampeleka msalani, wala hakuweza kutoka mapema kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Mwishowe alifika dirishani shati limelowa soda.

"Mama, hawa watu waingie tu," akasema.

Nafuu haikufutwa. Sheria ya ukumbi sasa inataja yeyote anayemleta mtoto, na hata mkata tiketi mpya ameikuta hivyo.

Mama Kageha, asante. Tunakuombea mvua ya kutosha shambani Maragoli, magoti yasiyouma, na wageni wengi kutoka Mbotela. Kaa kwa raha.