Bi Rudia, Mpimaji wa Mafuta ya Mwani

Ndugu, jamaa na majirani, familia inawasomea hapa kaburini maisha ya mama yetu, ambaye kazini walimwita Bi Rudia, kwa kuwa jibu la kwanza, hata liwe zuri namna gani, kwake lilikuwa tetesi tu.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akaanza shule mwaka 1968, na mwaka 1983 akapata cheti cha ufundi wa maabara. Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na baba yetu, fundi umeme, baada ya kuulizia habari zake kwa watu watatu, kila mmoja peke yake, wasije wakapatana maneno. Walijaliwa binti na mvulana, ambao walinuswa mikono kila waliposema wamenawa.

Kazi yake ilikuwa kupima mafuta ya mwani mdogo usioonekana kwa jicho, unaokuzwa kwenye matangi mpaka maji yawe kijani: ulikaushwa, ukasagwa, mafuta yakatolewa kwa dawa, yakapashwa moto pamoja na tindikali ili yageuke mvuke kwa urahisi, kisha tone moja likaingizwa kwa sindano kwenye mashine iliyotenganisha asidi za mafuta na kuchora kila moja kama kilele kwenye karatasi.

Julai 1999 kilipanda kilele kirefu cha mafuta yanayojenga ubongo wa mtoto, wakubwa wakashangilia, lebo za maziwa ya watoto wachanga yatakayotiwa mafuta hayo zikachapwa, lakini yeye akasema kizuri chajiuza, na hiki kinajitembeza mno. Akapitisha kwenye mashine dawa ya chupa isiyo na mwani hata chembe, na kilele kikatokea vilevile. Alimshuku mkemia mwenzake kuwa anatia mafuta ya samaki kwa siri ili apate cheo, akafunga kabati kwa kufuli, akaweka alama za kalamu kwenye chupa zake, akakataa hata chai ambayo mwenzake huyo alimletea, na kwa wiki sita hawakusalimiana. Alibadilisha dawa, akabadilisha chupa, kilele kikabaki palepale. Ndipo alipoifungua sindano, akakuta ndani mabaki ya mafuta ya samaki ya kulinganishia, aliyoyapima mwenyewe kila asubuhi na kuisuuza sindano mara mbili tu badala ya kumi, kwani katika maabara nzima ni mkono wake pekee ambao hakuwahi kuushuku.

Alisimama mbele ya wote akasema, "Mchafuzi ni mimi."

Meneja aling'aka, "Na lebo tumeshachapa!"

"Mtoto hanywi lebo," akajibu.

Vipimo vilirudiwa, mafuta yakawa robo tu ya yaliyotarajiwa, maziwa yakasimamishwa, naye akapewa barua ya onyo. Mkemia alimwekea kikombe cha chai mezani, naye, ndugu zangu, alikinusa kwanza, kisha akakinywa chote.

Alistaafu mwaka 2021. Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akadai apimwe hospitali nyingine, majibu yakawa yaleyale, akamwambia binti yake, "Hawa wamepima vizuri." Alifariki Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa tatu asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mumewe.

Tunamshukuru daktari aliyevumilia maswali yake, wauguzi waliomwonyesha kila kidonge kabla ya kumpa, wafanyakazi wenzake, na ninyi majirani mliotupikia siku zote hizi.

Pumzika kwa amani, mama. Baba anasema atakuja kukaa nawe hapa kila Jumapili.